Maji ya Rangi ya Kutu: Maswali kutoka Pemba

Mdogo wangu anachimba dhahabu Geita. Alipokuja Wete kwa sikukuu alisema kijito cha karibu na machimbo yao kimegeuka rangi ya kutu, na wao huyachemsha maji yake wakanywa. Kuchemsha kunatosha?

Hakutoshi. Moto unaua vijidudu. Madini hayafi kwa moto. Tena maji yakipungua kwa mvuke, yaliyobaki sufuriani yanazidi ukali. Ikiwa kijito kimeingiwa na asidi ya mgodi, huenda mna madini yenye sumu: aseniki, risasi au kadimiamu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa aseniki ni miligramu 0.01 kwa lita, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukihisi. Madhara yake huja baada ya miaka: ngozi kubadilika rangi, viganja na nyayo kuwa ngumu, hata saratani ya kibofu au mapafu. Risasi nayo hudhuru ubongo wa watoto. Mwambie watafute maji pengine.

Asidi hiyo kuna mtu anaimwaga?

Si lazima. Jiwe la madini mara nyingi lina pairiti, yaani chuma na salfa vilivyoshikana, hung'aa hata mtu akadhani kaokota dhahabu. Likiwa ardhini halina neno. Likivunjwa likapata hewa na mvua, hutoa asidi ya salfa, ndiyo ile ile ya maji ya betri ya gari, nayo huyeyusha madini mengine yaliyomo mawe­ni. Mgodi ukifungwa kazi hiyo haisimami. Mto Rio Tinto wa Hispania, kwenye machimbo ya tangu kale, maji yake yana pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka ukali umezidi) ya kama 2, ukali wa ndimu.

Sisi Pemba hatuna mgodi. Yatuhusu nini?

Swali zuri, maana wengi hawalijui hili. Tope la mikoko, lile linalonuka mayai viza, nalo huweza kuwa na pairiti. Likifunikwa na maji ya bahari limetulia. Ukilizungushia tuta ukalikausha kwa shamba la chumvi, bwawa la samaki au mpunga, hewa inaliingia na asidi inazaliwa pale pale. Mvua ya kwanza huiosha bwawani, asubuhi samaki wanaelea. Kabla ya kukata mikoko, pima tope.

Bahati yetu ni jiwe la matumbawe, lenye chokaa. Chokaa hupunguza asidi, na migodini huitumia hiyo hiyo. Lakini usimwage chokaa kisimani ukasema yamesafika. Si kila sumu huondoka nayo.

Bomba letu asubuhi hutoa maji mekundu. Ndiyo asidi?

Mara nyingi ni kutu ya mabomba. Yaache yatiririke kidogo. Kanzu nyeupe ndiyo itakayoumia zaidi yako.

Nitautambuaje mto wenye asidi?

Usidanganyike na weupe wa maji. Asidi ikiwa kali sana chuma hubaki kimeyeyuka, maji yakawa maangavu kama kioo, na ukigeuza mawe hukuti mdudu hata mmoja. Hapo ndipo pa kuogopa. Karatasi ya kupimia asidi itakuonyesha pH. Ikiwa chini ya 4, usinywe wala usinyweshe mifugo. Aseniki na risasi ni kazi ya maabara, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kipimo kimoja hakitoshi. Pima kiangazi, kisha upime mvua za vuli zinapoanza, kwa sababu chumvi za asidi zilizojikusanya wakati wa jua huoshwa zote kwa pamoja. Chota mahali pale pale kila mara, na kwenye chupa uandike siku na kama mvua ilinyesha.