Kii ya API ya huduma ya sauti ni kile kikaratasi cha kwa Mangi

Tuliokulia uswahilini tunakijua kikaratasi cha dukani. Mama anaandika "Mangi, mpe huyu mtoto sukari kilo moja na sabuni, andika kwangu", mtoto anakimbia nacho, Mangi anasoma, anatoa vitu, anaandika kwenye daftari. Mtoto haulizwi we nani, kikaratasi kimetosha. Sasa kii ya API, au ufunguo wa API kama unataka Kiswahili kilichonyooka, ndo hicho hicho kikaratasi, ila hiki hakina kiasi na hakifi kikishatumika, yaani mtu akikiokota njiani anaweza kurudi nacho kwa Mangi asubuhi mchana usiku na deni lote linaandikwa kwa mama.

API yenyewe ni dirisha la duka tu, programu yako inapita hapo kuomba kitu kwenye programu ya wenzako. Tuchukue ElevenLabs, maana wengi wanaotaka maandishi yasomwe kwa sauti huwa wanaanzia hapo. Programu yako inatuma ombi lenye maneno, na juu ya lile ombi kuna mstari unaitwa xi-api-key wenye lundo la herufi na namba, seva yao inasoma, inajua hii akaunti ya nani, inarudisha faili la sauti na kukata krediti, yaani salio lako la matumizi. Hakuna OTP inayokuja kwenye simu hapo. Ndo maana mtu akisema kii ni kama paswedi namwambia unaipunguzia uzito, paswedi ikiibiwa unaweza kuwa na hatua ya pili ya kukuokoa, kii ikiibiwa mwizi ameshaingia na anakula.

Tuone anavyokula. Kwenye modeli yao ya Multilingual v2 herufi moja ni krediti moja, mpaka nafasi na koma zinahesabika. "Karibu mteja wetu, tafadhali subiri kidogo" ni krediti 42. Mpango wa bure una krediti 10,000 kwa mwezi, kwa hiyo hiyo sentensi unaisema mara 238 umemaliza. Binadamu anaona nyingi, ila skripti inayozunguka yenyewe inazimaliza wewe ukiwa bado unakoroga chai, na kama uko mpango wa kulipia uliofunguliwa matumizi ya ziada, hapo kadi yako ndo inaongea.

Lakini hela siyo kitu kinachonitisha zaidi kwenye huduma za sauti. Akaunti yako inaweza kuwa na sauti uliyoikloni, yaani kompyuta imefundishwa kuiiga, labda yako mwenyewe au ya bosi wako aliyekubali isomwe kwenye matangazo, na kii isiyo na mipaka inaifikia hiyo sauti pamoja na historia ya rekodi ulizotengeneza. Sote tumeshapokea zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", sasa fikiria isije meseji, ije voice note ya WhatsApp, sauti ni ya bosi kabisa, mhasibu ndo anaisikiliza.

Kuitengeneza ni dakika mbili. Unaingia kwenye dashibodi, sehemu ya madevelopa, unaomba kii mpya, na hapa ndo watu wanakimbilia kubonyeza bila kusoma. Ipe jina linaloeleweka, siyo "test2", andika kazi yake, mfano "boti ya hoteli", kwa sababu siku ya kufuta utataka kujua unafuta nini. Halafu ibane: kama kazi ni kusoma maandishi kwa sauti basi ruhusu hiyo tu, ruhusa ya kugusa sauti zilizoklonika na historia izime, na weka kikomo cha krediti. Hapo umeandika kwenye kikaratasi "sukari kilo moja tu". Kii ikitokea ikopi mara hiyo hiyo, maana ukifunga dirisha hutaiona tena nzima.

Inakaa wapi? Siyo ndani ya kodi (ya kompyuta, ile ya TRA tuiache kwanza). Inakaa kwenye faili la .env, yaani faili la pembeni la kuwekea siri za programu, mstari mmoja, ELEVENLABS_API_KEY= halafu kii yenyewe, na jina la hilo faili unaliandika kwenye .gitignore, ile orodha ya mafaili ambayo git (programu ya kutunza historia ya kodi) isiyaguse, KABLA ya komiti ya kwanza, yaani kabla hujahifadhi chochote kwenye hiyo historia. Nakazia kabla kwa sababu git haisahau, ukishalikomiti halafu ukalifuta kesho bado liko kwenye historia, na GitHub, mtandao ambao watu wanapandisha kodi zao, kuna maboti yanapita kutwa yanaokota kii za watu. Tangu 2024 GitHub wenyewe huwa wanazuia kupush (kupandisha kodi) kwenye repo za wazi, yaani miradi inayoonwa na kila mtu, wakiona kitu kinafanana na kii wanazozijua, ila mimi siwezi kulala usingizi kwa kutegemea hilo.

Kosa langu mimi halikuwa hata GitHub. Nilikuwa napata 401 usiku mzima, yaani seva inakataa kii, nikapiga skrinshoti nikatupa kwenye grupu la WhatsApp "wadau nisaidieni", kumbe kii yote iko pale juu inasomeka, watu zaidi ya mia. Na tatizo lenyewe lilikuwa herufi moja ya mwisho niliyoiacha kwa bahati mbaya wakati nakopi.

Kingine ni hawa wanaoweka kii kwenye ukurasa wenyewe, au ndani ya aplikesheni ya simu. Kaka, chochote kilichofika kwenye braoza ya mteja ni cha mteja, akibonyeza F12 zikafunguka zana za madevelopa, akaenda kwenye Network anaiona hiyo xi-api-key imekaa wazi, na APK, faili la aplikesheni ya Android, nayo inafunguliwa tu. Weka seva yako katikati, simu inaomba kwako, wewe ndo unaomba kule, au kwa maongezi ya moja kwa moja seva yako itoe linki ya muda inayokufa baada ya dakika chache. Na hiyo seva yako nayo iwe na logini na kikomo kwa kila mtu, vinginevyo hujaficha kikaratasi, umeajiri tu mtoto wa kukipeleka kwa kila anayepita.

Ikivuja usianze kuuliza nani kaiona. Izime kwanza, huduma ikatike dakika kumi sawa tu, tengeneza mpya, weka kwenye seva, washa upya, ndo ukae uangalie matumizi. Kufuta meseji kwenye grupu siyo kuizima, niliyajaribu hayo.

Na mafundi mnaofanyia wateja kazi, mteja afungue akaunti yake na kadi yake, kila mradi na kii yake. Niliwahi kutumia moja kwa wateja watatu nikaona naokoa muda, siku mmoja tulipoachana nikaifuta, saa hiyo hiyo simu mbili zikaanza kuita.