Piti ya mayai ya notho: ninavyoichagua na kuiandaa hapa Nairobi

Juzi nilifungua mkebe ulioandikwa "guentheri, 14 Machi", nikachota kwa ncha ya kijiti piti kidogo, yale mabaki ya mimea ya kinamasi ninamohifadhi mayai ya samaki, nikaitandaza kwenye kisahani cheupe na kuishikia lenzi. Mayai manne, kila moja kama milimita 1 hivi, maangavu kama tone la umande. Matatu yalikuwa na macho: duara mbili nyeusi, kila moja imezungukwa na ukingo wa dhahabu. Ukiona dhahabu hiyo, ujue samaki ameshakamilika, amejikunja ndani ya ganda, anangoja mvua.

Wafugaji wenzangu wa notho huniuliza kuhusu chakula, kuhusu rangi za madume, lakini wanakopotezea samaki wengi ni kwenye piti. Mayai yanaoza au yanakauka, kisha mtu anasema jike wake ni tasa.

Kwa asiyewajua, notho ni samaki wa msimu wa jenasi ya Nothobranchius, na ni wa kwetu hasa. N. jubbi na N. melanospilus wanapatikana Pwani ya Kenya, N. palmqvisti yuko kusini-mashariki hadi ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, N. guentheri ni wa Unguja. Wanaishi kwenye madimbwi yanayojaa masika na kukauka kiangazi. Dimbwi likikauka, wazazi wote hufa, na ukoo mzima unabaki ndani ya tope ukiwa mayai. Ndiyo maana wana haraka: N. furzeri, wa Zimbabwe na Msumbiji, ameonekana akikomaa porini siku 14 tu baada ya kuanguliwa.

Tope lao la asili si piti. Ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi, unaonata kwenye gumboti wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa jua. Hapa Embakasi ninapoishi umejaa hadi mlangoni. Nimeujaribu. Maji yanachafuka, mayai huyaoni, na ukikauka ndani ya mkebe unakuwa tofali. Piti inatusaidia kwa mambo mawili: inashika maji mengi bila kuganda, na asidi yake huzuia sehemu kubwa ya bakteria na ukungu. Kazi nyingine yoyote inayosifiwa kwayo, kwa notho, naiona ya ziada. Wapo wanaoipenda kwa kugeuza maji kuwa ya kahawia na yenye asidi. Hiyo inawafaa samaki wa mito ya misituni, lakini notho wanapenda maji ya kati au yenye ualkali kidogo.

Piti yenyewe ni mabaki ya mimea ya kinamasi, hasa sifagnamu, yaliyolimbikizana kwa maelfu ya miaka pasipo hewa ya kuyaozesha. Inayouzwa Nairobi huagizwa kutoka nchi za baridi kwa ajili ya vitalu vya miche na mashamba ya maua. Naomba sana, mtu asiende kuichimba Ondiri kule Kikuyu kwa kuwa ni karibu. Kinamasi kile ni chanzo cha Mto Nairobi, na kilichojijenga humo kwa muda wote huo hakirudi kwa uhai wetu. Tunahitaji vikombe vichache tu kwa mwaka. Tununue, na tuitumie tena na tena.

Tatizo la piti ya vitalu ni vitu ilivyotiwa. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gunia dogo kwenye duka moja la pembejeo. Nilimuuliza kijana wa kaunta kama imechanganywa na chochote. "Hii ni safi kabisa, mama, hata miche inaipenda." Hapo ndipo ningepaswa kusimama, kwa sababu miche inapenda mbolea. Niliichemsha mara moja, nikaitia kwenye tangi la palmqvisti wangu, jozi tatu nilizozilea tangu wakiwa na siku moja. Asubuhi madume wawili walikuwa wanahema juu ya maji, na kufikia jioni sikuwa na hata mmoja. Mpaka leo nikiona mkia mwekundu wa palmqvisti nawakumbuka wale.

Tangu hapo sinunui gunia bila kulifungua. Nasugua piti kiganjani: nataka nyuzi laini za kahawia, zenye harufu ya msitu baada ya mvua. Punje nyeupe nyepesi ni mawe ya volkano yaliyopanuliwa kwa moto, yanayowekwa kupitisha hewa. Hayana sumu ila yanaelea na kufanana na mayai, utaumia macho bure. Punje za mviringo za manjano, buluu au kijani ni mbolea, na hapo mazungumzo yameisha. Kisha naomba niondoke na konzi moja. Nyumbani naitia kwenye chupa ya maji, naitikisa kwa nguvu. Povu lisiloisha lina maana imetiwa dawa ya kulainisha ili inyonye maji haraka, sipendi hata kidogo. Naiacha ilale usiku kucha, asubuhi napima asidi na chumvi. Piti isiyoguswa huwa na pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka asidi imezidi) ya 3.5 hadi 4.5. Nikipata 6, imetiwa chokaa. Chokaa yenyewe hainitishi, ila mara nyingi chokaa na mbolea huingia gunia moja. Kipima chumvi kikipanda zaidi ya mara mbili ya maji niliyoanza nayo, nairudisha.

Usipoipata, tumia usumba wa nazi, ule unaouzwa kwa matofali kama kokopiti. Haushushi pH sana na ni wa kwetu. Lakini makumbi mara nyingi huloweshwa kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo uoshe mpaka kipima chumvi kinyamaze. Kwa tangi la kutagia naukubali kabisa. Kwa miezi ya kungoja bado naiamini piti zaidi.

Sasa kuandaa. Piti kavu inaelea kwa sababu imejaa hewa, na kuchemsha ndiko kunakoitoa. Kwa kuwa Nairobi iko juu ya mita 1,600, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, basi mimi siishii dakika 20 kama wanavyofanya watu wa Pwani. Nafika 40, kwenye sufuria isiyopikiwa chakula. Namwaga maji yale meusi kama chai ya rangi, nasuuza kwenye chujio la kitambaa, nachemsha tena. Ya tatu nikiona maji yamekuwa ya manjano hafifu, nakamua. Usuuzaji huu ni muhimu kwetu kuliko kwingine: maji ya bomba yanayotoka bwawa la Ndakaini ni laini, hayana chokaa ya kupinga asidi, na piti mbichi huweza kuangusha pH ya tangi dogo kwa usiku mmoja. Mwenye maji ya kisima ana shida tofauti, yale huwa na ualkali na floraidi nyingi. Mimi nisingeyatumia kwa mayai.

Naweka piti ya kina cha sentimita 3 ndani ya mkebe wa aiskrimu wenye tundu kwenye kifuniko, nauzamisha ndani ya tangi la wazazi. Dume humfuata jike humo, humkumbatia kwa pezi la mgongoni, wanatetemeka kidogo, yai moja linasukumwa ndani. Kila baada ya wiki moja hadi mbili natoa piti, naweka nyingine.

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote. Unyevu wa piti ndio saa ya yai. Kiinitete cha notho kinaweza kusimama katika hatua tatu za ukuaji wake na kulala, na unyevu, joto na hewa ndivyo vinavyokiambia kisimame au kiendelee. Ikiwa chepechepe, mayai mengi hulala tu au kuoza. Ikiwa kavu kama vumbi, yanabonyea. Naikamua kwa upole kwenye kitambaa, naitandaza juu ya magazeti kwa saa kadhaa, naigeuza kwa vidole. Ninayoitaka inafanana na majani ya chai yaliyochujwa jioni na kusahaulika kwenye chujio hadi asubuhi: ukiyabana yanashikana, ukiyaachia yanafumuka, na kiganja kinabaki na ubaridi bila tone.

Zamani tulihifadhi kwenye mifuko ya plastiki. Tangu marufuku ya Agosti 2017 natumia mikebe yenye kifuniko, naijaza nusu ili hewa ibaki, naifungua kila wiki. Naandika jina na tarehe. Mwezi kama huu wa Julai nyumba ina nyuzi 17 au 18 na mayai yanasinzia, kwa hiyo mikebe imehamia juu ya friji, kwa nyuma ambako joto hupanda.

Ule wa guentheri niliumwagilia jana: maji ya bomba yaliyolala siku nzima wazi ili klorini itoke, baridi ya nyuzi 18, kina cha sentimita 4. Kwa saa tatu sikuona kitu. Kisha kipande kidogo kama kope kikaruka pembeni, na kingine. Leo asubuhi nimehesabu 31, na nimewapa artemia, vijikamba vidogo mno vya maji ya chumvi, waliototolewa usiku. Wawili wanajikokota chini kwa tumbo, walitolewa kabla ya wakati wao.

Piti yao nimeikamua tena na kuirudisha mkebeni, kwa maana lile yai la nne halikuwa na macho na bila shaka halikuwa peke yake. Chini ya 14 Machi nimeongeza tarehe ya leo.