Arosto ya kichanga: anakula, analala, anabembelezeka?

Aliyewahi kuishi na mtumiaji wa heroini analijua neno arosto: mateso ya mwili uliokatiwa dawa ulioizoea. Kichanga naye huyapata. Mama akitumia heroini, mofini au methadoni akiwa mjamzito, dawa hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto. Kitovu kikikatwa, na dawa imekatika. Mara nyingi ndani ya siku moja hadi tatu mtoto huanza kutetemeka, kulia kwa sauti kali, kupiga chafya mfululizo, kuharisha, na kuhangaika na ziwa asiweze kulishika vizuri.

Kichanga huyu si teja, ingawa wapo wanaomwita hivyo. Uraibu ni kuisaka dawa hata pale inapokuumiza. Yeye hajasaka chochote, mwili wake umezoea tu. Na mama anayekunywa methadoni ya kliniki, dawa inayotolewa kutibu uraibu wa heroini, yuko kwenye matibabu, tena akiiacha ghafla anaweza kuhatarisha mimba.

Kwa miaka mingi hospitali zimetegemea jedwali la Finnegan, la mwaka 1975. Kila baada ya saa tatu au nne muuguzi anahesabu alama za miayo, jasho, chafya, mtetemo. Zikifika 8 mara tatu mfululizo, kwa kawaida mtoto anaanzishiwa mofini ya kutuliza arosto. Sasa fikiria: mtoto kalala, anafunuliwa ili akaguliwe, anashtuka, analia, na kilio chenyewe kina alama zake.

Madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale, huko Marekani, wakabadilisha maswali, yakabaki matatu. Anakula vya kutosha? Analala walau saa moja bila kukatizwa? Akilia, anabembelezeka ndani ya dakika 10? Kama ndiyo, chafya zake ziacheni. Kama hapana, kinachoongezwa kwanza ni mikono: abebwe kifuani ngozi kwa ngozi, aviringishwe shuka, taa zipunguzwe, anyonyeshwe kila anapotaka, mama alale naye chumba kimoja. Mama akichoka, bibi au shangazi ampokee. Mofini haijafutwa, inasubiri zamu yake.

Utafiti uliochapishwa 2023, uliofanyika katika hospitali 26 za Marekani kwa watoto 1,305, ulilinganisha njia hizi mbili. Kwa maswali matatu, watoto walikuwa tayari kuruhusiwa baada ya wastani wa siku 8.2; kwa njia ya zamani, siku 14.9. Waliohitaji dawa walishuka kutoka asilimia 52 hadi 19.5.

Maziwa ya mama? Ndiyo, maadamu ametulia kwenye methadoni au buprenofini (dawa nyingine ya tiba hiyohiyo), hatumii dawa za mtaani, na hana sababu nyingine ya kitabibu ya kumzuia. Dawa inayopita kwenye maziwa ni kidogo mno.

Ila kichanga asiharakishwe kwenda nyumbani kwa kuwa anaonekana mzima. Methadoni na buprenofini hutoka mwilini polepole, na arosto yake huweza kuchelewa. Ndiyo maana mtoto huangaliwa hospitalini siku nne hadi saba.