Acheni kuloweka ala za bastola kwenye mafuta ya nazi

Kaja mwingine tena. Ala ya ngozi mkononi, imelegea yote, inanuka nazi. "Fundi, nimeilainisha lakini bado inanichoma kiunoni." Bado nini, kaka? Umeshaiua.

Sijui nani aliwaaminisha watu kwamba ala laini ndiyo ala ya raha. Kiatu, sawa, kinapaswa kufuata mguu. Ala kazi yake ni kuishika bastola isicheze na kufunika kifyatulio pande zote mbili. Ndiyo maana tunatumia ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti: unailowesha maji, unaifinyanga juu ya umbo lenye sura ya bastola, ikikauka inakakamaa. Mafuta yakizama humo, ule ukakamavu unakwenda na maji.

Wanaonimaliza kabisa ni wa "mradi inaingia". Chomoa bastola, utazame mdomo wa ala. Ukiwa umelegea, mkanda unaubana, unajifumba. Sasa wewe unarudisha bastola huku unaongea na simu. Ukingo wa ngozi unajikunja ndani, unaingia kwenye kinga ya kifyatulio. Unasukuma chini, ngozi imegoma, basi inafanya kazi ya kidole. Na mtutu unatazama paja lako. Ala ya hivyo siirekebishi kwa bei yoyote. Naikata vipande mbele ya mwenyewe, lawama nazipokea.

Raha ianzie kwenye mkanda. Mkanda wa suruali wa kawaida unapinda, bastola inaning'inia, kitako kinakuchimba ubavu. Tafuta wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja. Tena upana wake ulingane na kitanzi cha ala: mkanda wa milimita 32 ndani ya kitanzi cha 45, hapo ala itacheza kutwa.

Kinachofuata ni kingo. Msasa, maji kidogo, sugua kwa kijiti mpaka ziwe mviringo. Kipande cha juu kinachokaa kati ya chuma na ngozi yako kikikuchoma, nakipunguza, ila sikiondoi. Kwa jasho la Dar mwezi Februari, bastola isiyo na kizuizi hicho inashika kutu upesi.

Kwa wanaovaa ndani ya suruali, nabandika kabari ya sponji upande wa mwili, chini kabisa. Inausukuma mtutu nje, kitako kinalala ubavuni, shati halivimbi. Unene wake? Hapo nabahatisha. Watu wawili wa umbo moja, kabari ileile: mmoja anashukuru, mwingine anarudi analalamika akikaa kwenye gari. Kanuni sina.

Ala za Kydex, ile plastiki ngumu inayofinyangwa kwa moto: chonga kingo tu, moto usipeleke karibu na kifyatulio.

Ukija, leta ala na mkanda unaouvaa kweli, si ule wa harusi. Bastola na kibali chake viache nyumbani, vimefungiwa. Ninalo umbo la mbao.