Jina la kwenye pakiti haliamui ushuru
Waagizaji wengi huamini kwamba vitafunwa vyote vya chumvi vina msimbo mmoja wa forodha, yaani namba inayotumika kupanga ushuru wa bidhaa. Sivyo. Mfumo wa misimbo wa Shirika la Forodha Duniani, unaotumika tangu 1988, huangalia malighafi na namna bidhaa ilivyotengenezwa. Kiazi kilichokatwa vipande vyembamba na kukaangwa huingia msimbo 2005.20. Lakini unga wa viazi ukikandwa, ukakatwa vipande vinavyofanana kabisa na vile, kisha ukakaangwa, huhamia 1905.90, kundi moja na mikate na biskuti! Mlaji huenda asione tofauti, ila ushuru unaweza kupishana sana. Nafaka zilizovimbishwa kwa joto ni 1904.10, karanga za kukaanga, 2008.11. Muulize mtengenezaji alianza na kiazi au unga, kabla mzigo haujapakiwa.