Mkonga ulioinuliwa na jiwe lisiloutaka

Wanunuzi wengi kwenye vibanda vya vinyago hapa Kisumu huuliza ndovu aliyeinua mkonga, kwa kuwa wamesikia kwamba ndovu wa namna hiyo huleta bahati. Imani hiyo haikuzaliwa Gusii, nchi ya Abagusii wanaovichonga, na jiwe lenyewe haliipendi. Jiwe la sabuni linalochimbwa Tabaka, katika kaunti ya Kisii, ni laini kiasi cha kukatwa kwa panga na kuchongwa kwa kisu, lakini sehemu yoyote nyembamba inayochomoza peke yake huvunjika upesi, ama mikononi mwa fundi, ama ndani ya sanduku safarini. Ndiyo maana fundi mzoefu huushusha mkonga na kuuegemeza kwenye mguu wa mbele. Twiga nao huchongwa wawili, shingo zikiwa zimesukana. Mnunuzi huona mapenzi, nami huona kwanza shingo mbili zinazobebana. Kiboko hana taabu hiyo, kwa kuwa umbo lake tayari ni la jiwe.

Kwa Abagusii, koo zina wanyama wao wa heshima, miongoni mwao chui, kiboko na punda milia. Hata hivyo, punda milia wa sokoni hatambulishi ukoo wa aliyemchonga. Mistari yake kwa kawaida haichorwi kwa brashi: jiwe lililokwisha kupigwa msasa hupakwa rangi nyeusi, kisha ncha ya kisu huikwaruza rangi hiyo hadi weupe wa jiwe ujitokeze. Ni kazi ya ustadi mkubwa, ila maana yake haipiti ngozi ya mnyama.

Tofauti huonekana ukiwatazama ndege wa Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale wa mawe nchini Zimbabwe, waliochongwa karne nyingi zilizopita katika jiwe la sabuni pia. Mabawa yamebanwa mwilini, kama jiwe linavyotaka, lakini baadhi yao wana vidole vya miguu kama vya binadamu, na badala ya mdomo wenye ncha wana midomo ya mtu. Kwenye nguzo ya mmoja wao mamba anapanda. Wataalamu wengi huwahusisha na wafalme na mizimu ya wahenga, na vidole hivyo ni sehemu ya ushahidi wao. Nami, ninapopima kinyago cha mnyama, hutafuta kwanza mahali ambapo fundi aliacha kumfuata mnyama, halafu hujiuliza kama alilazimishwa na jiwe au alikusudia.