Barafu ya Aktiki, baridi ya Ulaya na mvua zetu za kusini

Wakulima na wavuvi wa Mtwara na Lindi hutuuliza: ikiwa barafu ya Ncha ya Kaskazini inayeyuka kwa joto, mbona Ulaya na Marekani bado wanafukiwa na theluji? Ni swali zuri, na linastahili jibu kamili.

Barafu inayoelea katika Bahari ya Aktiki hufikia kiwango chake cha chini kila Septemba. Setilaiti zinaipima mfululizo tangu 1979, na Septemba 2012 ilibaki takriban kilomita za mraba milioni 3.4, kidogo kuliko mwaka wowote katika kumbukumbu hizo. Barafu yenye theluji huakisi sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Maji yaliyo wazi huumeza karibu wote. Joto lililohifadhiwa baharini hutoka tena Oktoba na Novemba, hewa ikaanza kupoa, na bahari ikachelewa kuganda. Hii ni sababu mojawapo ya Aktiki kupata joto karibu mara nne ya kasi ya wastani wa dunia.

Juu angani, wakati wa majira ya baridi, kuna mzunguko mkubwa wa upepo unaoifungia baridi kali kule nchani. Ukivurugika, baridi hushuka kusini, kama ilivyotokea Texas Februari 2021, mamilioni wakakosa umeme. Baridi ile imehama tu: mara nyingi Aktiki yenyewe siku hizo huwa na joto kupita kawaida yake.

Je, upungufu wa barafu ndio unaouvuruga mzunguko huo? Baadhi ya wanasayansi wanasema ndiyo, hasa barafu ikipungua katika bahari za Barents na Kara, kaskazini mwa Urusi. Wengine, wakitumia modeli za kompyuta, wanaona athari ni ndogo, na vurugu za namna hii hutokea hata bila hiyo. Anayekuambia mjadala umekwisha, msimwamini. Lisilo na ubishi ni kwamba majira ya baridi ya Ulaya na Marekani yanazidi kupungua ukali, miaka ikipita.

Sasa tuje kwetu. Naona watu wakihusisha kila mvua isiyotarajiwa, hata ile inayoharibu maua ya mikorosho, na barafu ya Aktiki. Tusifike mbali hivyo. Baridi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, huletwa na kusi. Mvua zetu za msimu, Novemba hadi Aprili, huongozwa na ukanda wa mvua unaolifuata jua, pepo za kaskazi na joto la Bahari ya Hindi. Bahari hiyohiyo ndiyo iliyokipa nguvu Kimbunga Kenneth, kilichotua Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, Aprili 2019, na Hidaya cha Mei 2024, ambacho mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi wilayani Kilwa.

Basi anayepanga kupanda mahindi Nachingwea au kutoa chombo Mikindani asikilize utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla mvua hazijaanza, kisha afuatilie taarifa za kila siku, maana kimbunga hakitabiriki miezi kabla.